Mfereji Chini ya Taji

Kabla ya kulifungua kopo, Inspekta aliufunga mlango.

Lilikuwa kopo dogo la bati. Daktari wa mochwari alikuwa amelizungushia utepe na kuandika juu yake namba tu, kwa sababu jina lilikuwa bado linabishaniwa. Inspekta alilisukuma juu ya meza mpaka likagusa mkono wa Daktari wa Meno.

"Shikamoo, Daktari. Hili ndilo nililokupigia simu asubuhi."

"Marahaba, mwanangu. Na mama wa watu yuko wapi?"

"Nje, kwenye benchi. Tumekaa naye tangu saa saba, ulipokuwa na wagonjwa. Fomu iko mapajani mwake, kalamu mkononi. Hataki kutia sahihi."

"Bado anasema si yeye?"

"Anasema unyayo si wa mwanawe."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, akaivaa tena. Alikuwa mzee mwembamba mwenye vidole virefu. "Siku zile zote majini," alisema. "Unyayo gani utabaki wa mtu?"

Inspekta alikuwa ameshajiambia maneno hayo hayo.

Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu Chiriku atoke nyumbani kwenda dukani asirudi. Chiriku halikuwa jina lake la karatasini. Ndivyo mama yake alivyomwita tangu utotoni kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, na mtaa mzima ukafuata. Mumewe ndiye aliyetoa taarifa kituoni. Siku ya kumi na moja, mwili wa mwanamke ulielea kwenye shimo la machimbo ya zamani lililojaa maji. Umri ule ule, kimo kile kile, uso hautazamiki. Kilichobaki cha kumtambulisha kilikuwa gego moja la chini, upande wa kushoto, lililovaa taji la chuma. Mumewe alilitambua taji lile papo hapo. Asingekosa kulitambua, maana alilitengeneza mwenyewe. Alikuwa fundi wa meno, na chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya ukuta huu huu, ambako mashine ya kusagia ilikuwa ikilia kwa sauti moja isiyokatika.

Mazishi yalikuwa kesho saa nne asubuhi. Mkuu wa kituo alishasema: mwili ukiingia ardhini, jalada la kumtafuta Chiriku linaingia kabatini.

"Fungua," alisema Daktari. "Tumalize."

Ndani ya pamba kulikuwa na kipande kidogo cha taya chenye jino moja lililochongwa, na kando yake taji. Daktari hakushtuka. Alivuta taa ya kazi, akachukua kioo cha kukuzia, kisha akafungua kadi ya mgonjwa iliyokuwa tayari mezani.

"Miaka mitatu iliyopita," alisoma. "Gego, jino la sita kutoka katikati, chini kushoto. Picha ya eksirei..." Aligeuza kadi, akatikisa bahasha. "Picha haimo. Mwezi huu vitu vinapotea humu, sijui nazeeka. Lakini jino lake silihitaji kulisoma, nalikumbuka. Lilinitoa jasho."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa fupi. Mtu anadhani taji linashikwa na gundi. Gundi inasaidia tu. Kinachoshika ni umbo la jino. Kuta lazima zisimame, ziegemee ndani kidogo tu. Ukizilaza kama paa la kibanda, mgonjwa anatafuna chingamu na taji linaifuata. Sasa lake, hata kuta zikisimama wima, hazikuwa na urefu wa kutosha. Nikakata mifereji miwili midogo, mmoja huku, mmoja huku. Taji nalo likatengenezwa likiwa na mbavu mbili kwa ndani. Mbavu zinateleza kwenye mifereji kama droo ya kabati. Linaingia kwa njia moja, halizunguki, haliyumbi."

"Na yote hayo yalifanywa siku moja?"

"Siku moja? Thubutu. Nilichonga, nikachukua chapa ya meno kwa ule unga wa rangi ya waridi unaokorogwa na maji, nikampelekea Fundi mbio. Na hapo hana mzaha. Chapa ikipita robo saa bila kumiminiwa plasta, inanywea kama shati la mtumba, na yeye ananigombeza kuliko mke wangu." Daktari alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka anamzungumzia mfiwa. "Halafu unamvisha mgonjwa taji la muda akisubiri. Huwezi kumwacha na kisiki uchi. Jino lililo hai likishachongwa, hewa ikipita tu mtu analia."

Nyuma ya ukuta mashine ililia.

"Haizimwi hiyo?" Inspekta aliuliza.

"Tangu mkewe apotee anaiacha izunguke siku nzima, hata kama hasagi kitu. Nimemwacha. Kila mtu ana namna yake ya kulia. Hata nyumbani kula haendi tena, anapanda na sahani yake stoo ya juu, anakula peke yake."

Alishika taji kwa kibano, akalielekeza juu ya kisiki, akalisukuma kwa kidole. Mbavu ziliteleza kwenye mifereji. Taji likakaa, *tk*, kama kifuniko kilichofika mwisho.

Daktari alishusha pumzi. "Ni lake," alisema. "Pole sana. Mifereji yangu ni hii. Mwambie mama."

Inspekta aliinuka, akakishika kitasa cha mlango, akakiachia. Alimfikiria mama yule kwenye benchi, akiwa na kalamu ambayo kwa saa mbili hakuifungua. Ndipo akafanya alichozoea kufanya pale kazi inapokuwa imekwisha, akarudi kutazama mara ya pili kitu kilichokwisha kutazamwa.

"Litoe tena taji."

"Nimeshakuonyesha, mwanangu."

"Litoe. Hiyo mifereji miwili ya kusimama nimeielewa. Na huu wa tatu, uliolala, unaozunguka shingo ya jino, chini ya pale taji linapoishia? Huu unashika nini?"

Daktari aliinama na kioo chake. Alikaa hivyo muda mrefu. Inspekta aliona kwanza masikio yake yakibadilika rangi, kisha akakiweka kibano mezani na kuificha mikono yake chini ya meza.

"Daktari."

"Huu haushiki kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Huu si wangu. Si wa daktari yeyote. Hapa ndipo ilipokuwa fizi. Ukipitisha chuma hapa kwa mtu, damu inajaa, huoni unachofanya, unaharibu mzizi. Hakuna aliyefundishwa kwenye mdomo wa mtu anayekata hapa."

"Nani anakata hapa?"

Mzee aliugeukia ukuta.

Inspekta alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana. "Nieleze kama unayemweleza mtoto."

"Watu wa plasta," alinong'ona Daktari. "Fundi hamwoni mgonjwa. Anaona sanamu ya meno yake. Kabla hajaanza kutengeneza taji, anazungusha mfereji chini ya ukingo ili aone jino linaishia wapi na fizi inaanzia wapi. Kwenye plasta hakuna wa kuumia. Amefanya hivyo mara elfu kumi. Mkono unakwenda wenyewe, kama wewe unavyofunga kamba za viatu." Aliashiria kopo kwa kidevu. "Kisiki hiki kimechongwa na mkono wa plasta, kufuata sanamu ya jino la Chiriku. Kipimo kwa kipimo. Isipokuwa alipofika chini, mkono ukasahau kwamba hii si plasta."

"Kwa hiyo huyu aliyelala mochwari si Chiriku. Ni mwanamke mwingine aliyechongwa jino ili taji la Chiriku limwenee."

"Ndivyo jino linavyosema."

"Akiwa amekufa?"

"Mtu aliye hai hatulii akifanyiwa hivi, Inspekta."

"Hata akifungwa?"

Wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta, mashine ikazimika.

Kimya kile kiliingia chumbani kama mtu. Inspekta alifunika kopo, akalitia mfuko wa koti. Hatua zilisikika kwenye ukumbi, laini, za viatu vya raba. Hazikuja moja kwa moja. Zilisimama nje ya mlango, zikakaa hapo kidogo, ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi, Daktari."

"Karibu," alisema Inspekta, kwa sababu mzee hakuweza.

Fundi aliingia kwa upole, mabega yameinama. Vumbi jeupe lilikuwa kwenye nyusi zake na mikunjo ya vidole. Alimwamkia Daktari, kisha akamgeukia Inspekta. "Mmemaliza, afande? Nauliza tu. Wachimba kaburi wanataka jibu."

"Bado kidogo."

"Mama mkwe ametia sahihi?"

"Kalamu anayo."

"Mzazi ni mzazi," alisema Fundi. "Akubali, asikubali, ndiye yule yule. Mimi nimekubali." Aliitazama kadi iliyokuwa wazi mezani, kisha kibano, kisha mikono ya Daktari isiyoonekana. "Daktari, hujisikii vizuri?"

"Sukari," alisema Daktari. "Sijala."

Inspekta alitoa daftari. "Nimebakiza jambo moja la karatasi. Mkuu wangu anataka namba ya taji kutoka kwenye kitabu chako cha kazi. Ukinionyesha nainakili, nakwenda zangu."

Hakuna mkuu aliyetaka namba. Fundi alisogea pembeni na kumwonyesha njia kwa kiganja cheupe. "Tangulia, afande."

Inspekta alitembea mbele yake ukumbi mzima akimsikia nyuma ya bega lake la kulia. Alihesabu milango, kwa kuwa kuhesabu kulimzuia kugeuka. Kulia, chumba cha kungojea, na mama kwenye benchi. Mlango wa kutokea ulikuwa mbele ya benchi lile, na jengo halikuwa na mwingine. Kushoto, choo. Mwisho kabisa, chumba cha Fundi. Kando yake ngazi nyembamba za mbao zilipanda kwenye giza, na juu kabisa kufuli iling'aa. Ilikuwa mpya.

Chumba kilikuwa safi kuliko alivyotazamia. Kwenye rafu, safu juu ya safu, meno ya plasta ya watu wa mji mzima yalikuwa yamepangwa wazi, kana kwamba wote walikatizwa katikati ya neno. Kando ya sinki vikombe viwili vya chai vilikuwa vimeinamishwa vikauke. Fundi alikwenda kwanza kwenye mashine, akaiwasha. Kelele ikarudi.

"Inanisaidia kufikiri," alisema.

Alitoa kitabu, akakifungua, akaanza kutafuta ukurasa kwa kidole, bila haraka. Ndipo sauti ya Daktari ikaita kutoka mwisho wa ukumbi, ikipasuka katikati: "Fundi! Njoo unishike, nasikia kizunguzungu!"

Inspekta hakujua kama mzee alikuwa anaigiza. Fundi aliganda, akamtazama, akatazama meza yake ya kazi. "Usiguse kitu, tafadhali," alisema. "Mambo mengi hapa hayajakauka." Akatoka.

Inspekta alikuwa na dakika moja, labda mbili. Hakupoteza muda kwenye kitabu. Katikati ya meza kulikuwa na kitambaa kilicholowa maji, kimefunika kitu cha ukubwa wa ngumi. Alikiinua.

Sanamu ya meno ya chini, plasta iliyotolewa punde tu kwenye chapa. Chapa yenyewe ya waridi ilikuwa kando, kwenye kisahani chake, na ndani yake uzi mwembamba wa damu ulikuwa haujageuka rangi. Alihesabu meno kwa ncha ya kalamu kuanzia katikati, chini, kushoto. La sita lilikuwa kisiki. Kisiki kifupi, kuta zimesimama, mifereji miwili, mmoja huku, mmoja huku. Chini ya ukingo hapakuwa na mfereji wa kulala. Fizi ilikuwa nzima, imevimba. Hili lilichongwa na Daktari: jino la Chiriku mwenyewe, lililovuliwa taji.

Aligusa plasta kwa kidole. Ilikuwa vuguvugu.

Alisimama hapo na kidole juu ya lile joto. Kaka yake aliwahi kufungwa mguu kwa plasta hospitalini, na alikumbuka jinsi ilivyopata moto kabla ya kuganda na kupoa. Plasta hii haikuwa na saa nzima. Na chapa haingoji zaidi ya robo saa kufika kwenye plasta, vinginevyo inanywea. Na tangu saa saba, yeye mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya mlango pekee wa jengo hili, na Fundi hakutoka hata mara moja.

Mdomo huu ulikuwa humu ndani.

Alirudisha kitambaa. Hatua za raba zilikuwa zinakuja. Akatoa simu na kumpigia Koplo, aliyekuwa kwenye gari nje. Fundi alipoingia alimkuta amegeukia kitabu, simu sikioni.

"Koplo, niletee ile fomu ya pili."

"Fomu gani tena, afande? Si ulishuka nayo?"

"Hiyo hiyo. Lete wewe mwenyewe, chumba cha mwisho."

Koplo alikuwa mtu wa mzaha, lakini hakuwa mjinga. "Nije na pingu au mikono mitupu?"

"Ya kwanza ndiyo wanayoitaka," alisema Inspekta, akakata.

Fundi alikuwa haangalii simu. Alikuwa anaangalia kidole cha shahada cha Inspekta, ambacho ncha yake ilikuwa nyeupe.

"Umegusa."

"Niliegemea meza."

"Plasta mbichi inakausha ngozi." Alitoa leso mfukoni, akaushika mkono wa Inspekta kwa namna ambayo mtu angeona ni adabu, akaanza kukifuta kile kidole, taratibu, kuanzia shinani. Mkono wa Fundi ulikuwa wa baridi na wenye nguvu kuliko mabega yale yalivyoonyesha. Hakuuachia. "Unajua watu wanachokosea, afande? Wanadhani taji ndilo kazi. Taji ni rahisi. Kazi ni kulifanya jino lisiweze kuondoka chini yake."

"Nani alitaka kuondoka?"

Aliendelea kufuta kidole ambacho kilikuwa kimeshatakata. "Alikuwa na begi chini ya kitanda," alisema. "Miaka tisa, na mimi nakuja kuona begi. Angeondoka wangemtafuta, angepatikana, angenisema mtaa mzima kwa ule mdomo. Aliyezikwa hatafutwi. Angekaa kwa amani. Tungekaa."

"Na yule wa machimbo? Alikuwa na jina gani?"

Fundi alimtazama kama aliyeulizwa jina la plasta. "Sikumuuliza."

Koplo alikuwa mlangoni. Alikuwa mtu mnene na aliingia bila haraka, kama aliyeleta fomu kweli, akaupitisha mkono wake mkubwa juu ya bega la Fundi na kumkalisha kwenye kiti chake. Pingu zikafunga. Fundi hakupigana. Alisema tu, "Msizime mashine," akarudia, safari hii kwa kasi, "tafadhali, msizime mashine, mota itaharibika."

Inspekta akazima.

Mlio ulishuka, ukawa mnong'ono, ukaisha. Safari hii hapakuwa na wa kuiwasha tena, na jengo lile likasikia lenyewe. Maji yalidondoka kwenye sinki. Daktari alikohoa ukumbini. Halafu juu ya dari, kitu kikagonga mbao. Kikasita, kikagonga tena.

"Panya," alisema Fundi.

Funguo zilikuwa mfukoni mwake, zimepauka kwa vumbi. Inspekta alipotoka nazo alimkuta mama amesimama chini ya ngazi. Hakuwa ameitwa na mtu. Fomu ilikuwa sakafuni nyuma yake, kwenye njia aliyopita, na alikuwa ameikanyaga.

"Mama, ngoja hapa chini. Sijui tutakuta nini."

"Nimengoja ya kutosha, mwanangu," alisema mama, akashika ukuta, akaanza kupanda.

Ngazi zililia kwa uzito wao. Inspekta alitangulia, mkono mmoja kwenye kopo mfukoni. Hakutaka ligonge. Yule wa machimbo naye alikuwa na mtu wake mahali fulani, na hakuna aliyekuwa bado amekuja kumkataa wala kumkubali. Hilo lilikuwa la kesho. Walifika juu. Mlango ulikuwa umepigiliwa magodoro ya zamani kwa nje ili usipitishe sauti. Ufunguo ukakosa tundu mara mbili. Kugonga kule ndani kulikuwa kumekoma. Kilichosikika ni pumzi, fupi, ya mtu anayejibana kwenye kona ya mbali kwa sababu amesikia ufunguo na anajua nani huja na ufunguo.

Mama aliweka kiganja juu ya godoro.

"Chiriku," alisema, kwa sauti ya kumwamsha mtoto wa shule. "Ni mimi."

Pumzi ikakatika. Kisha kutoka ndani, karibu na sakafu, ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima aliyesahau umri wake wote.

"Mama," ilisema. "Jino linaniuma."